Gari la Mkopo Likiwa Bovu: Nani Anadaiwa na Nani Anadai?

Kuanzia mwezi Oktoba minada ya korosho inapoanza, fedha huingia katika akaunti za wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba. Wengine huezeka nyumba, wengine hulipa ada. Na wapo wanaochukua fedha ya msimu, wakaongeza mkopo wa SACCOS au benki, wakanunua gari lililotumika ili liwaingizie kipato hadi msimu mwingine. Wengi hufanikiwa. Lakini kila mwaka wapo wanaofika kwa paroko au kwa mwenyekiti wa jumuiya wakiwa na swali moja: gari limekufa, mkopo upo palepale, nifanye nini?

Swali hili linawahusu waamini, na linawahusu pia waseminari, kwa kuwa padre wa kesho ndiye atakayeulizwa. Makala hii inaeleza sheria ya Tanzania inasema nini na hatua zipi zifuatwe.

Tuchukue mfano. Tuseme baba mmoja, mkulima wa Newala, anataka Kirikuu ya kubebea mazao kwenda Masasi. Bei ni shilingi milioni 10. Ana milioni 4 za korosho, na SACCOS inamkopesha milioni 6. Wadhamini wake ni wanajumuiya wenzake wawili. Muuzaji, ambaye biashara yake ni kuuza magari, anamwambia injini haina tatizo lolote. Wiki ya tatu, akipandisha mlima kurudi Newala, injini inachemsha na gari linazima. Fundi anafungua rejeta na kukuta imetiwa dawa ya kuziba uvujaji, na gasketi ya silinda hedi imeungua siku nyingi. Muuzaji anajibu, "Ulilikagua mwenyewe, ukaridhika." Yule baba anarudi nyumbani akiwa ameamua jambo moja: hatalipa mkopo wa gari bovu.

Hasira yake ina sababu, lakini uamuzi wake ni kosa. Hapo ndipo penye kiini cha makala hii.

Mikataba ni miwili

Yule baba anaona jambo moja, yaani "gari la mkopo". Sheria inaona mikataba miwili. Wa kwanza ni wa mauziano, kati yake na muuzaji. Wa pili ni wa mkopo, kati yake na SACCOS. Muuzaji alitakiwa kutoa gari zima, SACCOS ilitakiwa kutoa fedha. SACCOS imetoa fedha na wajibu wake umetimia. Ubovu wa gari ni deni la muuzaji kwa mnunuzi, haufuti deni la mnunuzi kwa SACCOS.

Akiacha kulipa, muuzaji haumii hata kidogo. Wanaoumia ni wadhamini, kwa sababu akiba na hisa zao ndizo zitakazokatwa. Watu wawili waliomwamini watalipia udanganyifu wa mtu wa tatu wasiyemjua, na jumuiya iliyokuwa ikisali pamoja itaanza kukwepana njiani.

Hali ni tofauti iwapo muuzaji mwenyewe ndiye aliyekupa gari kwa malipo ya awamu, kama inavyofanyika kwa pikipiki nyingi za "mkataba". Hapo anayekudai ndiye aliyekuuzia kitu kibovu, na sheria inamruhusu mnunuzi kudai bei ipunguzwe kwa kiasi cha hasara aliyopata. Hata hivyo usikae kimya tu na kuacha kulipa, maana utaonekana wewe ndiye uliyevunja mkataba. Peleka dai kwa maandishi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: aliyeniuzia na aliyenikopesha ni mtu mmoja au ni wawili?

Muuzaji ana wajibu gani?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mtu anayefanya biashara ya bidhaa fulani anapouza bidhaa hiyo, anachukuliwa kuwa ameahidi kwamba inafaa kuuzwa, hata kama hakutamka. Na ukimweleza kazi unayoitakia, ukategemea ujuzi wake, anachukuliwa kuwa ameahidi kwamba inaifaa kazi hiyo. Pia gari lazima lilingane na maelezo yake: ukiambiwa ni la mwaka fulani, lisiwe la mwaka mwingine.

Ahadi hizo zina mipaka mitatu.

Kwanza, gari lililotumika halitegemewi kuwa kama jipya. Tairi kuisha au bushi kulegea si ubovu wa kushtakia. Umri wa gari na bei uliyolipa huzingatiwa.

Pili, ukilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuiona. Mlango uliobonyea uliuona. Gasketi iliyofichwa kwa dawa hukuweza kuiona kwa macho. Kwa hiyo jibu la "ulilikagua mwenyewe" halimalizi kila kitu.

Tatu, ukinunua kwa jirani ambaye si mfanyabiashara wa magari, ahadi ya ubora haipo kwa namna ileile. Hata hivyo hana ruhusa ya kudanganya. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba, na kuficha kasoro kwa makusudi ni udanganyifu.

Vipi kuhusu maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yanayoandikwa kwenye risiti? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya upotoshaji, na hairuhusu mfanyabiashara kumwondolea mlaji haki zake za msingi kwa kuandika sentensi kwenye karatasi. Usirudi nyumbani kwa sababu ya maneno hayo.

Kurudisha gari au kudai fidia?

Wengi husikia kwamba nchi nyingine mnunuzi hurudisha gari bila mabishano. Uingereza, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukataa bidhaa mbovu, na ubovu ukijitokeza ndani ya miezi 6 ni muuzaji anayepaswa kuthibitisha kwamba haukuwepo. Kwetu hakuna siku 30 za namna hiyo, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mnunuzi.

Sheria yetu inatofautisha kukataa bidhaa na kudai fidia. Ukishalipokea gari, likawa mali yako, na ukaendelea kulitumia kama lako, nafasi ya kulirudisha hupungua sana. Kinachobaki ni kudai fidia: gharama ya matengenezo, au tofauti kati ya gari uliloahidiwa na gari ulilopewa. Ndiyo maana anayegundua ubovu leo na kuendelea kubeba mizigo miezi miwili "akisubiri muuzaji ajirekebishe" anajidhoofisha mwenyewe.

Hatua za kufuata

1. Simamisha gari siku hiyohiyo. Piga picha, andika tarehe na kilomita zinazosomeka.

2. Usitengeneze kwanza. Mwite fundi anayeheshimika akague na aandike taarifa yenye jina, sahihi na tarehe: nini kimeharibika, na je, kilikuwepo kabla ya mauzo? Mwalike muuzaji alete fundi wake. Gasketi ya zamani ikishatupwa, ushahidi umetupwa.

3. Kusanya karatasi: mkataba wa mauziano, risiti ya EFD, nakala ya kadi ya gari, uthibitisho wa malipo. Meseji za simu usizifute. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani.

4. Mwandikie muuzaji barua. Taja kasoro, ambatanisha taarifa ya fundi, sema unachotaka na mpe muda, kwa mfano siku 14. Baki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa.

5. Nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe ya rejesho. Mweleze yaliyotokea na uombe ratiba mpya ya malipo. Waite na wadhamini wako, wasisikie habari hizi barabarani. Anayekuja mapema na barua mkononi husikilizwa tofauti na anayezima simu.

6. Muuzaji akikataa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, au fungua shauri la madai. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na mtu wa kawaida hujieleza mwenyewe. Usipoweza kuandika madai, watafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kama kosa ni la mkopeshaji, kwa mfano alificha gharama za mkopo au hakukupa nakala ya mkataba, njia ni nyingine. Anza kulalamika kwake kwa maandishi. Usiporidhika, malalamiko dhidi ya benki au kampuni ya mikopo yenye leseni huenda Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Mtwara. Ya SACCOS yapeleke kwa Afisa Ushirika wa wilaya, au kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Na usitegemee bima. Hata bima kubwa ni ya ajali, wizi na moto, hailipi injini iliyokufa kwa uchakavu.

Dhamiri ya muuzaji

Waseminari watakumbuka kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilizungumzia jambo hili katika Summa Theologiae, pale anapojadili udanganyifu katika kununua na kuuza. Wakati wake lilikuwa farasi kilema aliyeuzwa kama farasi mwenye mbio. Msimamo wake ni kwamba muuzaji anawajibika kutaja kasoro iliyofichika ambayo itamletea mnunuzi hasara au hatari. Kasoro inayoonekana kwa macho halazimiki kuitangaza, ila bei iwe ya haki. Na aliyeuza kitu kibovu bila kujua hana dhambi, lakini akishajua anapaswa kumfidia mnunuzi. Gari lenye breki mbovu likiteremka kutoka Newala na abiria, hasara na hatari viko pamoja.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409 hadi 2411, inaweka udanganyifu wa kibiashara chini ya amri ya saba, na papo hapo inafundisha kwamba ahadi na mikataba ya haki itimizwe. Mafundisho hayo yanamgusa muuzaji aliyeficha gasketi, na yanamgusa pia mkopaji anayetaka kuwaachia wadhamini mzigo wake.

Basi yule baba wa Newala ana safari mbili. Moja ni ya kwenda kwa muuzaji, na taarifa ya fundi mkononi, kudai haki yake bila woga. Nyingine ni ya kwenda SACCOS, pamoja na wadhamini wake, kuomba muda. Ukiulizwa ushauri na mtu wa namna hii, usimwache afanye safari moja tu.