Je, Wajua? Nani Hushushwa Baiskeli na Dereva Mkorofi

Je, wajua kwamba mahali panaweza kukosa kabisa madereva wakorofi na bado baiskeli ikakosa kazi? Itazame Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, hatua chache kutoka mpaka wa Burundi. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana ufukweni pale, kipindupindu kikazuka, na hakukuwa na barabara ya kupeleka basi wala lori. Ilibidi iletwe MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilitia nanga majini, mitumbwi ikawasogeza watu ubavuni mwake, kisha ikawabeba awamu kwa awamu hadi Kigoma mjini. Kusini ya hapo iko Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, nayo hufikiwa kwa boti.

Kwa hiyo mtu wa mwambao huu angeweza kuzeeka bila kupigiwa honi na lori hata mara moja. Ila baiskeli yake ingeishia mwisho wa kijiji, kwenye mguu wa mlima. Barabara inayompa mtu pa kuendeshea ndiyo hiyo hiyo inayomletea basi, na ukianza kuuliza kama madereva hatari huwakimbiza waendesha baiskeli, anzia kwenye mkanganyiko huo.

Je, wajua kwamba bodaboda ya kwanza haikuwa na injini? Ilikuwa baiskeli yenye kiti cha sponji juu ya keria, ikivusha abiria mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Tanzania nayo ilikuwa na baiskeli za abiria, hasa Shinyanga na Mwanza. Pikipiki za bei nafuu zilipoingia kwa wingi, na kanuni za mwaka 2010 zikaruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni, kazi ile ikasinyaa. Nayataja haya mapema kwa sababu wapo wanaomtwisha dereva wa basi lawama ya kila baiskeli iliyotundikwa ukutani. Si kweli. Wengine waliiacha kwa sababu ya kilima tu, na anayeijua barabara ya Lumumba, kutoka stesheni ya reli ya Kigoma kupanda kuelekea Mwanga, hahitaji maelezo zaidi.

Je, wajua kwamba woga wa barabarani umewahi kupangwa kwa makundi? Mwaka 2006 Roger Geller, mratibu wa mambo ya baiskeli katika jiji la Portland, Marekani, aliwagawa wakazi wake mafungu manne. Majasiri wasioogopa chochote: chini ya asilimia 1. Wanaojiamini kiasi: asilimia 7. Wanaotamani kuendesha lakini wanaogopa magari: asilimia 60. Wasiotaka hata kusikia: asilimia 33. Yalikuwa makisio ya mtu anayeijua kazi yake. Miaka kadhaa baadaye Jennifer Dill na Nathan McNeil wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Portland waliwahoji watu na kukuta mgawanyo usioachana sana na wake. Kundi kubwa kuliko yote, basi, ni la watu wenye hamu na baiskeli, waliozuiwa na woga.

Lakini jedwali la Geller likiletwa Kigoma litakosa safu moja: mwoga anayeendesha hivyo hivyo. Kijana aliyefunga madumu ya mawese huku na huku ya keria, akaweka jingine juu, hajapima ujasiri wake. Amepima bei ya mawese Mwandiga na bei ya mjini, akaona tofauti, akapanda. Basi la Kasulu likimpita karibu, moyo wake unadunda kama wa mtu wa Portland. Tofauti ni kwamba yule wa Portland kesho yake atachukua gari, na huyu kesho yake atarudi na madumu yale yale.

Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Ukisimama kwenye njia panda ya Mwandiga asubuhi utahesabu baiskeli nyingi na kusema hakuna anayeogopa. Acha kuhesabu baiskeli, hesabu waliozipanda. Wengi ni wanaume wenye mzigo: mawese, mkaa, mikungu ya ndizi. Wanafunzi wanakwenda kwa miguu. Mama aliyebeba beseni kichwani anakwenda kwa miguu, japo nyumbani kwake baiskeli ipo. Mwenye nauli mfukoni yuko juu ya pikipiki. Kwa jicho langu, dereva mkorofi hazimalizi baiskeli barabarani. Anawachambua wapandaji, akiwashusha wenye hiari na kuwabakiza wenye shida, na wenye shida wakibaki peke yao hakuna mwenye sauti ya kuwadai njia.

Je, wajua kwamba wanawake hukoswakoswa zaidi? Huko Uingereza, mtafiti Rachel Aldred aliwaomba waendesha baiskeli waandike kila tukio la kukoswa barabarani. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba kwa kila maili, wanawake waliripoti matukio hayo karibu mara mbili ya wanaume. Sababu kubwa haikuwa udhaifu wa uendeshaji. Walikuwa wakienda polepole, na anayekwenda polepole hupitwa na magari mengi zaidi, madereva wakikosa subira nyuma yake. Ajali zinazoandikwa na polisi hazionyeshi lolote katika haya, maana aliyekoswa haandikiwi faili. Huenda tu nyumbani akamwambia binti yake asipande tena.

Je, wajua kwamba kofia ngumu inaweza kumsogeza dereva karibu yako? Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath alifunga kipimo kwenye baiskeli yake, akaendesha mara amevaa kofia, mara kichwa wazi, na katika utafiti uliochapishwa 2007 akakuta kwamba alipovaa kofia magari yalimpita karibu zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5. Alipovaa wigi refu la kike, yakampa nafasi kubwa zaidi. Katika majaribio hayo aligongwa mara mbili, na basi na lori. Kofia hiyo inasaidia ukianguka, usije ukaitupa. Ila haimfundishi dereva adabu.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya mpaka, watu hulishika lori kwa mkono badala ya kulikimbia? Barabara kuu ya Burundi hupanda kutoka Bujumbura, kwenye kimo cha ziwa cha mita kama 770 juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Vijana hushuka na mikungu ya ndizi wakienda kasi kuliko baadhi ya magari, wakauza, kisha wakarudi juu wakiwa wamening'inia nyuma ya malori, mkono mmoja kwenye bomba au bodi, mwingine kwenye usukani. Wengi wamepoteza maisha hivyo. Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya Bujumbura, ikitaja ajali. Ni njia mojawapo ya kupunguza ajali za baiskeli, na kwa maoni yangu ndiyo ya kivivu kuliko zote: aliyegongwa anaondolewa, mwendo wa aliyemgonga unabaki ulivyokuwa.

Mwendo ndio mzizi. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, ya mwaka 1973, inataka gari lisizidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Je, wajua kilichomo katika zile kilomita 15 ambazo dereva hujiongezea? Shirika la Afya Duniani linasema mtembea kwa miguu akigongwa na gari linalokwenda 65 badala ya 50, hatari ya kufa huongezeka mara 4.5. Kila wastani wa mwendo unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Lami iliyofika mpaka Manyovu na ile ya kwenda Kasulu zimefupisha safari na kuokoa wajawazito wengi. Atakayesema tungebaki na vumbi hajawahi kukaa kwenye lori lililokwama masika. Lakini lami bila matuta kijijini na bila bega pana ni kumwachia mwenye mawese upana wa tairi lake.

Je, wajua kwamba baiskeli nyingi hulindana? Mwaka 2003 Peter Jacobsen alionyesha, kwa takwimu za Marekani na Ulaya, kwamba waendeshaji wakiongezeka mara mbili, ajali haziongezeki mara mbili. Hatari ya kila mmoja hushuka, madereva wakizoea kuwatazamia. Lakini wingi huo hauji wenyewe: hata Uholanzi haikuzaliwa na njia zake nzuri za baiskeli. Mwaka 1971 barabara zake ziliua watu zaidi ya 3,000, wakiwemo watoto zaidi ya 400, ndipo wazazi wakaingia mitaani kudai mauaji ya watoto yakome.

Tanzania nayo ina madai yake. Dar es Salaam kuna UWABA, umoja wa waendesha baiskeli ambao umekuwa ukifanya misafara ya baiskeli jijini kudai njia salama. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016, Barabara ya Morogoro ilipata njia za baiskeli kandoni, jambo la kupongezwa. Lakini zipite leo utakutana na gari lililoegeshwa, meza ya mchuuzi, na bodaboda inayokimbia foleni ikipiga honi ili baiskeli iipishe. Mwenye baiskeli hushuka kwenye njia aliyojengewa, akarudi kwenye magari. Kigoma Ujiji wakianza kuchora njia zao, waanze na ukingo mrefu ambao pikipiki haiwezi kuuruka, rangi ipakwe baadaye.