Mali ya mgeni ikipotea gesti, nani hulipa?

MCHIMBAJI mdogo anayefika Rwamgasa jioni akitafuta mahali pa kulala hahitaji maneno mengi kaunta. Huuliza bei ya chumba, hulipa, huandikwa katika daftari la wageni na kukabidhiwa ufunguo. Akishaingia chumbani na kufunga mlango ndipo huliona tangazo lililobandikwa nyuma yake: uongozi hautahusika na upotevu wa mali.

Matangazo ya namna hiyo ni ya kawaida katika nyumba za kulala wageni nchini. Wenye nyumba huyategemea, na wageni wengi huamini kwamba yakishabandikwa, hakuna tena cha kudai. Sheria haioni hivyo.

Katika kata hiyo ya Wilaya ya Geita, ambako maisha huzunguka maduara, makarasha na mialo ya kuoshea dhahabu, suala hilo si dogo. Mgeni anaweza kulala na fedha za kazi ya miezi kadhaa chini ya mto. Mhudumu wa mapokezi anayetunza funguo, ambaye mshahara wake ni sehemu ndogo tu ya fedha hizo, ndiye mara nyingi huwa wa kwanza kunyooshewa kidole zinapopotea.

Kwa mwanafunzi wa hoteli na utalii, awe anatarajia kuajiriwa katika gesti ya machimboni au katika hoteli inayopokea watalii waendao Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo mkoani humo, misingi minne ya sheria humsaidia kujua nani hubeba hasara: mkataba, uzembe, amana na ajira.

Mkataba hufungwa kaunta

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano kuwa mkataba iwapo yamefanywa kwa hiari na watu wenye uwezo kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Si lazima yawe ya maandishi. Mgeni anapokubali bei na mhudumu anapopokea fedha, mkataba umekwisha kufungwa, hata kama hakuna karatasi iliyosainiwa.

Swali linalofuata ni iwapo tangazo ambalo mgeni hulikuta chumbani ni sehemu ya mkataba huo. Katika maswali ya aina hii, Sheria ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaziruhusu mahakama za Tanzania kutumia kanuni za sheria za Uingereza, pamoja na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika huko Julai 22, 1920, kwa kadiri mazingira ya nchi yanavyoruhusu. Hukumu za Uingereza za baada ya hapo hazizibani mahakama zetu, lakini husomwa kwa uzito.

Mojawapo ni ya mwaka 1949, katika kesi ya Olley dhidi ya hoteli ya Marlborough Court ya London. Bibi Olley na mumewe walilipia chumba mapokezi, kisha wakapanda chumbani, ambako ukutani palikuwa na tangazo la kukana wajibu wa mali inayopotea. Siku moja alifunga chumba na kuacha ufunguo mapokezi. Mwizi aliuchukua, akaingia chumbani na kuiba makoti yake ya manyoya.

Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba tangazo hilo halikuwa sehemu ya mkataba, kwa kuwa mkataba ulikwisha kufungwa mapokezi kabla mgeni hajaliona. Hoteli ilitakiwa kulipa kwa sababu ilizembea kulinda ufunguo.

Hapo ndipo uzembe unapoingia. Maana yake kisheria ni kushindwa kuchukua tahadhari ambayo mtu mwangalifu angeichukua, na kumsababishia hasara mtu unayewajibika kwake. Funguo zilizotundikwa ubaoni mahali ambapo kila apitaye anaweza kuzichukua ni mfano wa wazi.

Hata hivyo, wajibu wa mwenye nyumba una mipaka. Katika kesi ya Calye ya mwaka 1584, mahakama ya Uingereza ilisema mwenye nyumba ya wageni huwajibika kwa mali ya msafiri iliyomo ndani ya nyumba yake. Lakini farasi aliyepelekwa malishoni kwa ombi la mgeni mwenyewe, akaibiwa huko, hakuwa juu yake. Kwa mantiki hiyo, pikipiki iliyoibwa ndani ya uzio wa gesti si sawa na ile ambayo mgeni alichagua kuiacha barabarani.

Aidha, mgeni aliyeacha mlango wazi kwa uzembe wake hawezi kumtwisha mwenye nyumba hasara yote.

Anayepokea amana huwajibika

Hali hubadilika mgeni anapokabidhi bahasha kaunta itunzwe. Hiyo ni amana, na Sheria ya Mikataba inamtaka aliyeipokea aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe ya aina na thamani hiyo. Kutotoza malipo ya kutunza hakuondoi wajibu huo.

Kwa hiyo, fedha zihesabiwe mbele ya mgeni, bahasha ifungwe, na stakabadhi isainiwe na pande zote mbili.

Dhahabu inahitaji tahadhari zaidi. Sheria ya Madini inakataza kumiliki madini bila kibali, na tangu Machi 2019, soko la madini lilipofunguliwa Geita, kumekuwa na mahali rasmi pa kuiuza. Mhudumu anayekubali kuficha dhahabu isiyo na nyaraka hujiweka mwenyewe hatarini.

Mshahara haukatwi kiholela

Mali ikishapotea na mwajiri akalazimika kulipa, mara nyingi hasara hushushwa kwa mhudumu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kimeweka masharti ya makato hayo.

Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Awe amekubali makato kwa maandishi, naye mwajiri awe amemweleza kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu ya deni, na kumpa nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu.

Mfanyakazi aliyekatwa kinyume cha masharti hayo anaweza kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu.

Kwa mwenye nyumba, hatua ya kwanza ni rahisi: tangazo litolewe nyuma ya mlango na kuwekwa kaunta, mgeni alisome kabla ya kulipa. Hata hapo, mahakama hutafsiri maneno yenye utata dhidi ya aliyeyaandika, na funguo zilizoachwa ovyo zitabaki kuwa hoja ya mgeni.