Je, Wajua? Mbwa wa Kulinda Nyumba Yenye Watoto

Je, wajua kwamba kibao cha "Mbwa Mkali" kina umri wa karibu miaka elfu mbili? Mjini Pompeii, Italia, mji uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 BK, mlangoni mwa nyumba moja ya tajiri kuna picha ya vijiwe sakafuni: mbwa mweusi, mnyororo shingoni, na onyo la Kilatini kwamba mgeni ajihadhari. Nairobi wanaandika "Mbwa Kali", sarufi inabaki nje ya geti. Zipo pia nyumba zenye kibao bila mbwa, na mpaka majirani wagundue, kibao kinafanya kazi vilevile.

Je, wajua kwamba German Shepherd, anayetajwa kwanza kila mtu anapotafuta mlinzi, alitengenezwa kwa ajili ya kondoo? Aprili 1899, kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, Ujerumani, ofisa wa kikosi cha farasi Max von Stephanitz alimwona mbwa aitwaye Hektor Linksrhein. Alimnunua papo hapo, akampa jina jipya, Horand von Grafrath, na kumwandika namba moja kwenye daftari la ukoo. Kazi ya mbwa wale ilikuwa kulizunguka kundi kutwa nzima ili kondoo wasiingie shamba la mtu. Ndiyo maana German Shepherd wa mjini asiye na kazi huwazunguka watoto wakikimbizana uani, na mwingine huwabana visigino kwa meno. Hana ugomvi nao, anachunga. Ila meno ni meno, kwa hiyo tabia hiyo hukomeshwa akiwa bado mdogo wa kubebeka.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza hawakutaka kusikia jina lenye Ujerumani ndani yake, wakamwita Alsatian. Jina la asili lilirudi rasmi mwaka 1977.

Je, wajua kwamba Doberman alibuniwa na mtoza kodi? Karl Friedrich Louis Dobermann wa Apolda, Ujerumani, alisimamia pia mbwa waliokamatwa mitaani, hivyo mbwa wa kuchanganya hawakumpungukia. Alifariki mwaka 1894. Rottweiler naye ni mbwa wa wachinjaji wa mji wa Rottweil, aliyeswaga ng'ombe kwenda sokoni. Na yale masikio ya Doberman yaliyosimama kama pembe ni kazi ya kisu. Kwa asili yanalala, na Uingereza na Ujerumani ni marufuku kuyakata. Muuzaji akikwambia asiyekatwa masikio si Doberman halisi, anakuuzia hadithi juu ya mbwa.

Je, wajua kwamba aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine? Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, na watafiti waliokusanya majibu kuhusu mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya zaidi ya 2,000 kati yao. Utii, yaani wepesi wa mbwa kufuata maelekezo, ulifuata ukoo kwa kiasi fulani. Wepesi wa kuchokozeka karibu haukufuata ukoo kabisa. Sasa hebu fikiria: jambo ambalo mwenye watoto anataka kulijua kuliko yote ndilo ambalo jina la ukoo halimwambii. Watu hulipa fedha nyingi kwa jina, kisha huchukua kitoto chochote kilichowahi kufika mlangoni.

Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji, omba kumwona mama akiwa na watoto wake. Jike anayekuja kunusa viatu vyako, akakuzunguka mara moja, akarudi kujilaza karibu na mwenye mbwa, huyo amekupa jibu. Jike anayejibana pembeni, mkia tumboni, akinguruma bila kukukaribia, naye amekupa jibu. Mbwa mwoga ndiye wa kumwogopa nyumbani, kwa sababu hashambulii kwa ujasiri, anang'ata kwa hofu, na mtoto wa miaka minne hajui kusoma hofu ya mbwa. Muuzaji akisema mama "yuko shamba", mwambie utarudi mama akirudi.

Je, wajua kwamba urafiki wa mbwa na binadamu hujengwa zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake? Utafiti mkubwa wa jambo hili ulifanyika katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, na kitabu cha John Paul Scott na John Fuller kuuhusu kilitoka mwaka 1965. Vitoto vilivyokaa mpaka wiki ya 14 bila kuguswa na mtu viligeuka kuwa kama wanyama wa porini, na kuvirudisha ikawa kazi kubwa.

Linganisha na wengi wetu tunavyofuga. Kitoto kinanunuliwa kando ya barabara, kikiwa ndani ya katoni na wenzake, hata wiki ya 8 hakijafika. Kinaingizwa kwenye banda la mabati nyuma ya jiko, sahani inasukumwa chini ya mlango, na kinafunguliwa saa nne usiku watoto wakiwa wameshalala. Wanaomjua mbwa huyo ni mlinzi na dada wa kazi. Siku mtoto wa nyumba atakapotoka usiku kufuata chaja aliyoisahau kwenye gari, kwa mbwa yule ni mgeni kama wageni wengine. Baba atasema mbwa amepata kichaa. Mbwa amefanya kazi aliyofundishwa.

Dawa yake haina gharama. Wiki za mwanzo kitoto kikae miguuni mwa watu mchana, kisikie blenda, pikipiki, adhana, kengele ya kanisa na kelele za watoto wakitoka shule, na kishikwe masikio, makucha na mdomo kila siku. Wengi huogopa kwamba hivyo atakuwa bwege. La, mbwa anayewajua vizuri watu wake ndiye anayemtambua upesi asiye wao.

Je, wajua kwamba mnyororo na meno huenda pamoja? Utafiti wa Denver, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, uliwalinganisha mbwa waliong'ata na wasiong'ata. Waliong'ata walikuwa na uwezekano mara 2.8 zaidi wa kufungwa mnyororo uani, mara 6.2 zaidi wa kuwa madume, na mara 2.6 zaidi wa kuwa hawajahasiwa. Inawezekana mkali ndiye anayefungwa, na inawezekana kufungwa ndiko kunakomfanya mkali. Kwa vyovyote, kwa nyumba yenye watoto mimi ningechagua jike aliyefungwa kizazi kuliko dume la kutisha la aina yoyote ile. Jike hubweka vilevile.

Je, wajua kwamba Afrika ina mbwa wake mlinzi mwenye nywele za mgongoni zinazoelekea kichwani? Ni Ridgeback, aliyepatikana kwa kuchanganya mbwa wa Wazungu na mbwa wa Wakhoikhoi wenye alama hiyo, akatumiwa na wawindaji kumzuia simba asiondoke mpaka bunduki ifike. Sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Ni mtulivu ndani ya familia, nywele fupi, joto halimsumbui sana, lakini ni mkaidi na anataka kukimbia. Kabla hujalipa, pitisha vidole kwenye uti wa mgongo wa kitoto, kuanzia shingoni hadi mkiani, ukitafuta kitu kama uzi mgumu chini ya ngozi. Huo ni ugonjwa ambao kitoto huzaliwa nao, unahusiana na ile alama yake ya mgongoni, na tiba yake ni upasuaji.

Je, wajua kwamba mbwa mmoja anaweza kuwa shujaa Namibia na haramu Denmark? Kangal wa Uturuki na ndugu zake wa Anatolia hupewa wafugaji wa Namibia na shirika la uhifadhi wa duma, Cheetah Conservation Fund, tangu mwaka 1994. Mbwa hukua zizini pamoja na mbuzi, humbwekea duma akaondoka, na mfugaji hana sababu ya kuchukua bunduki. Denmark mwaka 2010 iliweka Kangal kwenye orodha ya aina 13 zilizopigwa marufuku, pamoja na Boerboel wa Afrika Kusini. Huyo Boerboel sasa ni fasheni kwenye majumba yetu ya maghorofa. Dume lake huweza kupita kilo 70. Swali la kujiuliza si kama atamzuia mwizi, ni nani nyumbani anaweza kumshika kamba siku mlinzi hayupo.

Je, wajua kwamba Bullmastiff alifundishwa kumwangusha mtu na kumshikilia chini bila kumng'ata? Waingereza wa karne ya 19 walimtumia kuwakamata wawindaji haramu usiku kwenye mashamba ya matajiri. Kwa watoto ni mpole mno. Tatizo ni pua yake fupi: mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na mwenye pua fupi anahema kwa shida. Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa pili, mbwa huyo anahitaji kivuli na maji kuliko anavyohitaji mafunzo.

Je, wajua kwamba yupo mbwa wa Kongo asiyebweka? Basenji hutoa sauti kama ya mtu anayeimba kwa kupandisha na kushusha koo, na wawindaji wa msituni humfungia njuga ya mbao shingoni ili wajue alipo. Jike lake huingia kwenye joto mara moja kwa mwaka, ilhali wengi wa wenzake ni mara mbili. Ni mzuri na msafi. Kwa ulinzi, msahau.

Na Malinois, yule wa Ubelgiji unayemwona na askari kwenye viwanja vya ndege? Mwachie askari. Ameumbwa kufanya kazi kutwa, na asipopewa kazi ataanza na sofa.

Je, wajua kwamba mbwa wa kienyeji, yule tunayemdharau kwa jina la koko, ndiye mlinzi wa maboma mengi zaidi Afrika Mashariki kuliko wote niliowataja? Ana kilo 15 au 20, hula kidogo, hulala usingizi mwepesi. Na kazi kubwa ya mbwa wa nyumbani ni kuamsha watu, si kupigana. Chotara wa mbwa wa kienyeji na German Shepherd, aliyelelewa vizuri, anatosha kabisa kwa nyumba ya vyumba vitatu na ukuta.

Je, wajua kwamba dini nayo inaingia kwenye uchaguzi huu? Kwa Waislamu wa mwambao, ambao wengi ni wafuasi wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hadithi za Mtume zimemruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wameipima kazi ya kulinda nyumba kwa mizani hiyohiyo. Kwa nyumba kama hiyo, tafuta mbwa anayeridhika kukaa uani, mwenye nywele fupi na mdomo mkavu, awe na chombo na bomba lake. Bullmastiff na Boerboel, wanaodondosha udenda kila wanapotikisa kichwa, watawachosha watu kwa kuosha.

Je, wajua kwamba mabaki ya mchuzi yanaweza kumuua mlinzi wako polepole? Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na mchuzi gani wa kwetu hauna vitunguu? Mpikie ugali wake na dagaa, au matumbo, kwenye sufuria yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha. Na mzoeze kula kwenye bakuli lake tu, maana wezi hurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta.

Je, wajua kwamba fedha nyingi ulizotoa zinaweza kuondoka na kupe? Kupe wa kahawia, anayejificha kwenye nyufa za banda, huambukiza homa iitwayo ehrlichiosis, na German Shepherd huumwa vibaya zaidi. Parvo, virusi vilivyozuka mwaka 1978, huwapiga zaidi Rottweiler na Doberman. Chanjo yake huanza wiki ya 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka wiki ya 16. Chanjo moja haitoshi, hata muuzaji akuoneshe stika.

Je, wajua kwamba karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kung'atwa na mbwa, na kwamba kati ya kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15? Mwaka 1885 Louis Pasteur alimchanja mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa vibaya. Mvulana alipona, na ukubwani akawa mtunza jengo la Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Tarehe aliyofariki Pasteur, 28 Septemba, sasa ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na wilaya nyingi huchanja mbwa bure au kwa bei ndogo siku hizo. Chanjo ya kwanza mbwa huipata akiwa na miezi 3. Mtoto aking'atwa, hata na mbwa wa nyumbani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo. Pilipili, mafuta ya taa na majivu yabaki jikoni. Kadi ya chanjo ya mbwa iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, ili usiku wa manane isitafutwe.