IMEI: hesabu ya kufanya kabla hujalipia simu ya mtumba

Alizeti imeuzwa, fedha ipo mfukoni, na mkulima wa Issuna, wilayani Ikungi, anaoneshwa simu ya mtumba mnadani kwa bei nzuri. Kabla hajalipa, tunamshauri abonyeze *#06#. Itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huonesha namba mbili.

Ukiisoma kama namba moja, inaweza kufika mamia ya trilioni. Lakini haikupangwa ovyo. Tarakimu nane za mwanzo zinataja aina ya simu. Sita zinazofuata zinaitofautisha na simu nyingine za aina hiyo. Ile ya 15 ni mlinzi wa hizo 14.

Mlinzi anapatikanaje? Kanuni yake ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM nchini Marekani, katika miaka ya 1950. Hutumika pia kwenye kadi za benki. Tuchukue namba ya mfano, 12345678901234, tutafute ya 15.

1. Anza na tarakimu ya pili, ya nne, ya sita, hivyo hivyo hadi ya 14. Zidisha kila moja kwa 2. Jibu likiwa la tarakimu mbili, zijumlishe: 12 inakuwa 1+2, yaani 3. Tunapata 4, 8, 3, 7, 0, 4 na 8. Jumla ni 34.

2. Jumlisha zilizobaki bila kuzizidisha: 1+3+5+7+9+1+3. Jumla ni 29.

3. 34 na 29 ni 63. Ili tufike 70 inahitajika 7. Basi mlinzi ni 7. Jumla ikiishia na 0, mlinzi ni 0.

Ukikosea tarakimu moja tu, hesabu itakataa. Na anayebuni namba kichwani, kati ya kumi anazoweza kumalizia, ni moja tu inayopita.

Hata hivyo, hesabu kukubali si ushahidi kwamba simu ni halali. Mjanja anaweza kunakili namba ya simu halisi na kuiweka kwenye simu bandia. Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliweka namba 15090. Tuma IMEI huko kwa ujumbe mfupi, kisha linganisha aina ya simu utakayojibiwa na simu uliyoshika. Zikitofautiana, mrudishie mwenyewe simu yake. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchini, na waliokuwa nazo walibaki na simu zisizopiga wala kupokea.

Ukishanunua, andika IMEI kwenye daftari nyumbani, usiitunze ndani ya simu yenyewe. Simu ikiibwa, polisi watakuuliza namba hiyo.