Tuwape Makazi, Tuwaonyeshe na Soko



Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, na familia nyingi za Kilosa, humu mkoani mwetu, zikahamia kwenye mahema. Hema huzuia mvua, lakini halilishi watoto.

Tutazame Madina. Baada ya Hijra ya mwaka 622, Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu Muhajirina na Ansari. Saad bin Rabii akamtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Akaanza kuuza samli na jibini.

Nasi wa Mwembesongo, tukimpokea aliyekosa nyumba, tumpe chumba, kisha mtaji wa genge. Sahani ya wali huisha jioni. Genge humlipia kodi.