Tusiwashe Pikipiki Ndani ya Nyumba

Ndugu mwendeshaji, hapa kwetu Mukuru kwa Reuben pikipiki nyingi hulala ndani. Sababu twaijua sote: ukiiacha nje, asubuhi waweza kukuta haipo. Kulinda mali yako si kosa. Hatari iko pale unapoamka saa kumi na moja, ukapiga kiki papo hapo chumbani ili injini ipate moto, na watoto bado wamelala.

Moshi wa pikipiki una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na chumba kidogo cha mabati hujaa upesi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huzimia. Aliyelala huenda asiamke tena. Ukimkuta mtu hivyo, mtoe nje penye hewa na umpeleke hospitali mara moja.

Jambo la pili ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni mpaka kwenye jiko au koroboi. Tusiwasahau jirani zetu wa Sinai. Septemba 12, 2011 petroli iliyovuja kutoka kwa bomba la mafuta ilishika moto, na watu wapatao 100 wakafa. Mafuta ya pikipiki yako ni machache, lakini moto wake ni ule ule, na nyumba zetu zimeshikana.

Basi fanya hivi:

1. Jioni, ngoja injini ipoe na ufunge koki ya mafuta kabla ya kuiingiza. Iweke mbali na jiko. Usiweke petroli ya akiba nyumbani.

2. Asubuhi, isukume mpaka mahali pa wazi. Ukisikia harufu ya petroli ndani, fungua mlango. Usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya stima.

3. Ukiwa nje, angalia matairi, breki, cheni, taa, na kama kuna mafuta yanayodondoka.

4. Fungua koki. Hakikisha gia iko nyutro, kisha shika klachi. Injini ikiwa baridi, vuta choki.

5. Piga kiki au bonyeza kitufe. Ikishika, iache ingurume taratibu kama dakika moja, halafu rudisha choki. Usiikoroge kwa makelele.

6. Vaa helmeti, ufunge mkanda wake. Pandisha stendi ya upande. Ukiisahau, itagusa barabara ukikata kona na kukuangusha. Tazama kama kuna mtoto mbele au nyuma, ndipo uondoke.

Ati utachelewa kumpata mteja wa kwanza? Kusukuma pikipiki hadi nje ni dakika chache tu. Nanyi majirani, mkisikia injini ikinguruma ndani ya nyumba, msinyamaze. Gongeni mlango. Haraka haraka haina baraka.