Namba ya Rangi Haimalizi Kazi

Gari kuukuu likichubuka, wengi huchukua namba ya rangi, huipeleka dukani ikachanganywe, kisha humwachia fundi apulize. Namba hiyo ni muhimu. Kwenye Toyota huandikwa kwenye kibao kilichoko chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, penye herufi C/TR: 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 ya fedha. Fundi anayekisia bila kuisoma anaanza vibaya. Lakini namba hueleza rangi iliyokusudiwa kiwandani, si rangi iliyopo juu ya gari leo, na pengo kati ya hizo mbili ndilo linalozaa viraka.

Pengo hilo huletwa hasa na jua. Mionzi yake huvunja chembe za rangi na kuchosha kliya, tabaka angavu la juu linaloilinda. Boneti na paa huumia kuliko milango, na nyekundu hupauka upesi kuliko rangi nyingi. Ukitaka ushahidi, fungua kifuniko cha tangi la mafuta, usafishe upande wa ndani, kisha ulinganishe na bodi iliyo jirani: mara nyingi utaona rangi mbili kwenye gari moja. Kwa hiyo sehemu inayotengenezwa ioshwe na kupigwa polishi kwanza, ndipo rangi ilinganishwe na bodi yenyewe.

Rangi za metaliki ni ngumu zaidi, kwani chembe zake za aluminiamu hulala kulingana na upulizaji. Rangi ya kopo lilelile ikipulizwa mbichi sana huweza kuwa nzito na nyeusi kidogo. Ikipulizwa kavu, hung'aa kwa weupe. Ndiyo maana fundi makini hupuliza kwanza kwenye kipande cha majaribio, hukipaka kliya, hukiacha kikauke, kisha hukiweka kwenye gari mchana, nje. Rangi zilizofanana chini ya taa ya gereji zinaweza kuachana juani.

Wapo watakaouliza: kwa nini tuhangaike na doa dogo, tusipige rangi gari zima? Hoja hii ina uzito pale kliya inapobanduka kila mahali. Kwingineko ni hasara. Katika viwanda vingi bodi huzamishwa kwenye dimbwi la praima na kupitishiwa umeme, ili praima ishike hadi kwenye pembe zilizofichika, kisha rangi huokwa kwa joto linalozidi nyuzi 130. Gereji haiwezi kuoka hivyo gari lenye nyaya, raba na plastiki. Anayekwangua rangi nzima ya kiwandani anatupa kinga asiyoweza kuirudisha. Wengine watasema kifaa cha kupimia rangi kimemaliza tatizo. Kifaa husaidia kupata mchanganyiko ulio karibu, lakini mkono unaopuliza bado huamua matokeo.

Basi tundu dogo la kokoto lisafishwe kutu, lipakwe praima, rangi na kliya kwa brashi nyembamba, tabaka jembamba baada ya jingine. Mkwaruzo mpana upulizwe kwa kufifisha rangi kuelekea bodi ya jirani, na kliya ifunike sehemu nzima. Na kabla ya kulipa, mwenye gari adai kuona kipande cha majaribio juani. Fundi anayejua kazi yake atakuwa nacho tayari.